Udongo wa Heshima wa Silanga

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mgongo bado mzima, meno yote yako. Sababu rasmi ni kwamba mwaka huu niko Form Four, na mwalimu mkuu ameapa nikikosa darasa tena atanifuata Silanga yeye mwenyewe. Huyu ni mtu wa viatu vyeupe. Anayeijua Silanga, kule chini Kibera karibu na bwawa, anajua viatu hivyo vingerudi na rangi gani. Nimestaafu kwa kumhurumia.

Nawaandikia nyinyi wadogo wangu wa Form Two mnaoichukua hii kazi. Kazi yenyewe ni ukalimani. Mradi wa wageni ukifika Kibera, mmoja wenu husimama katikati ya mzungu na kamati, akigeuza maneno huku na huku. Watu wazima wakistaafu huandika vile walipandishwa cheo na mshahara ukafuata. Mimi hapo sina la kusema. Mshahara wangu ulikuwa soda na chapati, na cheo kilichofuata juu ya mkalimani ni mzungu, na nafasi hiyo ilikuwa na mtu.

Siku yangu ya kwanza sikuwa natafuta kazi. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe karibu na mahali Mama Nekesa anauzia makaa, nikimsaidia kuangalia watu wakipita. Mama Nekesa ni wa kutoka Bungoma, mwenyekiti wa kamati ya choo. Wakati huo kamati ilikuwako, choo ndicho hakikuwako.

Mara akatokea mzungu mrefu, gumboots mpya hadi magotini, na nyuma yake mkalimani wa ofisi, bwana wa tai. Yule wa tai alifika kwa mtaro ambao sisi huuruka kila asubuhi, akautazama, akakumbuka ana mkutano mjini. Hadi leo mkutano haujaisha. Mzungu akaruka peke yake, akatua.

"Shikamoo," akasema.

Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kanda za redio huko kwao, na kanda zenyewe zilikuwa za Pwani. Sasa Silanga, nani anajua shikamoo? Mama Nekesa akanigeukia. "Barasa! Si wewe unasoma? Ambia huyu mtu atoe mguu. Amesimama kwa makaa yangu."

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule: tafadhali, bwana, umesimama juu ya biashara. Akaruka tena. Hapo ndipo nilipoajiriwa. Aliitwa Injinia Jens, na kwa likizo nzima alinisalimia shikamoo kila asubuhi, nami nikaitika marahaba kama mzee wa Lamu, kwa sababu sikuona ni kazi yangu kuharibu heshima.

Alichokuja kufanya kilikuwa na maneno marefu. Serikali yao na yetu zilikuwa zimekubaliana. Kulikuwa na ushirikiano, maendeleo ya kudumu, viwanda vidogo vidogo. Mashine ingeletwa ya kubana matofali kwa mkono: udongo, simiti kidogo, maji kidogo, unavuta chuma kirefu chini kwa uzito wako wote, tofali linatoka. Hakuna kuchoma, hakuna kukata miti. Choo kikiisha, mashine ingebaki kwa vijana wawe na karakana. Alizungumza robo saa nzima. Wazee wa kamati wakaniangalia.

"Anasema atatujengea choo kwa udongo wetu wenyewe," nikasema.

"Kwani kwao udongo umeisha?" Mama Nekesa akauliza.

Lakini alikubali kuliko wote. Silanga, ukinyoosha mkono uvae shati, umebisha kwa jirani. Nafasi ya choo haikuwako popote. Mama Nekesa akainuka pale pale, akasema choo kijengwe hapo kwake. Kesho yake alihamisha magunia yake ya makaa hadi kando ya njia chini ya ukuta wa Nyayo Highrise, ambako askari wa estate walimfukuza asubuhi, naye akarudi saa sita. Kila mtu alijua hatari yenyewe. Mwenye nyumba za mabati za jirani alikuwa ameshaanza kuipima ile nafasi kwa hatua zake, akiitikia salamu za watu bila kuwatazama. Choo kisipojengwa, zingesimama nyumba za kupangisha, na Mama Nekesa angebaki na askari wake.

Sasa nifike kwenye kosa. Msiruke hapa.

Jens alitaka mfuko mmoja wa udongo wa Silanga, aupeleke kwao ukapimwe maabara. Nikaeleza. Mama Nekesa akauchokora udongo kwa kidole cha mguu. Mweusi, umeshikana, ndani yake nailoni mbili, gunzi la mahindi na nusu ya kandambili.

"Huu?" akasema. "Huu ndio upande ndege?"

"Ndio ameomba, Mathe."

"Mgeni hapewi uchafu hata akiomba. Ukija kwangu nikupe chai kwa kikombe kimevunjika, ukifika kwenu utasema nini? Utasema Mama Nekesa hana vikombe. Wakiufungua huko mbele ya wakubwa wao, wakute kandambili?"

Kamati haikupiga kura. Hakukuwa na wa kupinga. Kwetu mgeni hupewa kilicho safi, na kama hakiko nyumbani unakikopa kwa jirani. Basi nikatumwa Kawangware kwa Anti Rose, dada ya baba, ambako jirani yake alikuwa anachimba msingi wa nyumba ya kupangisha na hakujua autupe wapi udongo wake. Udongo mwekundu, laini, hata ukimwagika kwa chai hungejuta sana. Nikaubeba kwa begi langu la shule kwa miguu hadi Silanga. Mama Nekesa akauchekecha mara mbili, akatoa kijiwe kimoja ambacho alisema kina sura mbaya, akaufunga kwa leso yake ya kanisani.

Jens aliguswa. Alisema hajawahi kupokea sampuli iliyofungwa vizuri hivyo. Aliuliza, huu ni udongo? Nikasema ndiyo. Naomba mkumbuke hilo mtakaposikia watu wakisema nilidanganya.

Likizo ya Desemba mashine ikafika ndani ya sanduku la mbao, na kabla yake ilifika faksi. Maabara ilisema udongo wa Silanga ndio bora kuliko wote waliopima katika nchi zote za mradi. Jens akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mapenzi. Kamati wakapiga makofi. Mama Nekesa akaninong'oneza, "Si niliwaambia? Wangekuta kandambili."

Siku hizo ndipo nilipopata mwalimu, si hawa wa ubaoni. Fundi Mutiso ni mwashi wa kutoka Machakos, anakaa Kianda, huko huko Kibera, na aliandikwa kuongoza kazi ya matofali. Alinifundisha mambo ambayo nawaachia kama urithi. Udongo ukiuloweka kidogo, finya donge, nyoosha mkono usawa wa bega, liachilie lianguke. Likivunjika vipande vichache, sawa. Likiwa unga, ongeza maji. Likitandazika kama mavi ya ng'ombe, umezidisha, na fundi atakuita jina hilo wiki nzima. Chupa ya maji uijaze udongo nusu, utikise, uache utulie: mchanga hukaa chini, ule wa kunata hubaki juu. Wa kunata ukizidi, tofali likikauka litajikunja na kupasuka. Alikuwa na kisanduku cha mbao cha urefu wa mkono pia, unajaza udongo mbichi, unauacha juani, unahesabu nyufa.

Yeye mwenyewe hakuhitaji hata kimoja. Alichukua udongo wa pale kazini, akausugua kwa vidole, akanawa, akaona vidole bado vina rangi: wa kunata umezidi. Akaniangalia.

"Barasa. Huu udongo na ile karatasi hawajawahi kuonana."

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya kawaida tu.

Siku ya tatu matofali yakaanza kupasuka. Yalipasuka kwa adabu, moja baada ya lingine, kuanzia upande wa jua. Jens akapima mashine, ikawa sawa. Akapima simiti, sawa. Udongo hakuupima kwa sababu ulikuwa na cheti. Mwishowe akabaki na Fundi.

"Muulize," akaniambia kwa Kiingereza, "anapima kwa ndoo kama nilivyomwonyesha, ama anakisia?"

Hapa ndipo nilipoharibu kazi kuliko yule wa tai. Sikutaka wagombane, maana wakigombana soda inakufa. Nikamwambia Fundi, "Injinia anauliza kama umekunywa chai."

"Mwambie mashine yake inafaa kukamua miwa," Fundi akajibu.

"Anasema mashine ina nguvu sana," nikamwambia Jens.

Tukaenda hivyo siku nyingi. Jens akazidi kumshuku Fundi, Fundi akazidi kumdharau Jens, na wote wawili walinisifu mimi kwa tabia njema. Ukuta wa kwanza wa majaribio uliinuliwa hadi kwenye goti. Mvua fupi ya alasiri ikauteremsha hadi kwenye kifundo.

Jioni hiyo Jens akakusanya kamati. Alisema, na safari hii nikageuza sawasawa kwa sababu sikupata neno la kulainisha, kwamba udongo ni bora, mashine ni bora, kwa hivyo wenye tatizo ni wafanyakazi. Wiki moja imebaki. Matofali yasiposimama, mashine itapelekwa wilaya nyingine, mahali watu wanafuata maagizo.

Fundi Mutiso akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine. Miaka ishirini ya kujenga, na hakuna aliyewahi kumwambia hajui kupima. Akaenda zake. Nilipomfuata njiani akasema bila kugeuka, "Usiniambie mimi. Kamwambie yule anayeondoka na mashine."

Nikaenda kwa Mama Nekesa. Nilimkuta kwa ukuta wa Nyayo Highrise akirudisha magunia, askari wa zamu ya jioni wamemaliza tu kumfukuza. Nikamweleza: kule maabara walipima kama udongo unashikana, na sisi tuliwapa wa Kawangware.

Akasimama na gunia mikononi.

"Khane! Mimi nilidhani wanapima kama una wadudu. Kama vile kliniki. Si walisema maabara?"

"Ndio, Mathe, lakini ni maabara ya matofali."

"Na wewe unayesoma, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimejua tangu Fundi anawe vidole. Hilo nalo nikalisema. Hakunipiga. Alinipa gunia nibebe, ambalo lilikuwa zito kuliko kupigwa.

Kamati ilikaa asubuhi iliyofuata. Mzee mmoja akasema ni afadhali mashine iende kuliko mgeni ajue alipewa udongo wa kukopa. Aibu hiyo itaambatana na Silanga milele. Wengine wakaitikia. Mama Nekesa akasikiliza wote, halafu akasema aibu kubwa ni ile ya mama mzima kungoja giza ndio ajisaidie kwa karatasi ya nailoni, na hiyo tayari imeambatana na Silanga na hakuna aliyekufa. Akainuka. Alimtuma mtoto Kianda amwite Fundi, akanishika mkono wa shati hadi kwa Jens.

"Mwambie yote," akasema. "Kama ilivyo. Usiniwekee sukari, najua huwa unaweka."

Nikasema. Leso, begi la shule, Anti Rose, kijiwe chenye sura mbaya. Mama Nekesa alikuwa akiongea taratibu, akimtazama Jens usoni, nami nikageuza neno kwa neno kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Jens akawa mwekundu, halafu mweupe, halafu akatafuta pa kukaa akakaa juu ya karai lililopinduliwa.

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ripoti imeshachapishwa. Mkubwa wake alikuwa ameisoma mbele ya wajumbe wa nchi nyingi, na nchi mbili zilikuwa zimeandika kuuliza Silanga walifanyaje kuwa na udongo kama huo.

Nikageuza. Mama Nekesa akafikiri.

"Na choo? Kimechapishwa?"

Sikujua kama kicheko kile cha Jens kilikuwa cha kheri. Kilidumu sana. Kilipoisha akainuka akamwendea Fundi Mutiso, aliyekuwa amefika na kusimama mbali kama mtu aliyepita tu. Hakunitumia mimi. Alichimbua kwenye kanda zake, akasema, "Samahani, Fundi. Nimekosa mimi."

"Sawa," Fundi akasema. "Leta maji."

Lakini maji yalikuwa ya udongo gani? Fundi alisema wa Kawangware ufike tu, ataongeza mchanga kidogo, na tofali hilo hata lori litapanda juu. Pale kwa Anti Rose kulikuwa na vilima vyake, kila mwenye plot alikuwa anachimba msingi na kuomba mtu amwondolee. Jens akafungua kitabu cha mradi, akakisoma, akakifunga juu ya goti. Kanuni ilikataa. Udongo lazima utoke mahali mwenyeji anafika kwa miguu, ili wageni wakishaondoka watu waendelee bila kutegemea magari. Alisema kwa huzuni ya kweli. Kawangware ilikuwa mbali mno.

Kamati wakaniangalia mimi, nikageuza, kisha wakaangaliana.

"Muulize," Mama Nekesa akasema, "watu wa hapa wanafanya kazi wapi."

Jens alijua hilo: Industrial Area, wengi wao.

"Wanaenda na nini?"

Hakujua.

"Miguu!" kamati nzima ikasema. Hata yule mzee wa aibu.

"Na wanarudi na nini?"

"Miguu!"

"Sasa mwambie Kawangware ni hapo tu. Ni kama kwenda kuomba chumvi."

Jens akasema aonyeshwe. Kesho yake tukaondoka asubuhi na mkokoteni mmoja, Fundi mbele, mimi nyuma. Tulipita Kianda, tukatokea Ngong Road, tukapanda hadi Dagoretti Corner, tukaingia Kawangware, Anti Rose akampa Jens chai kwa kikombe kizima, tukajaza, tukarudi. Jens alisukuma. Karibu na kituo cha Olympic gumboots zilimtoa malengelenge akazivua akatembea na soksi, na wale wa mikokoteni mingine wakampigia kelele, "Mazee, umefutwa kazi ama?" Alitaka nigeuze. Nikageuza. Akawajibu, "Bado." Jioni aliandika kitabuni, nikamwona kwa macho yangu: chanzo cha udongo, Kawangware, njia ya kufika, miguu, imehakikishwa.

Wadogo wangu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ushirikiano niliyoiona kwa miaka yangu yote ya utumishi. Serikali mbili ziliweka sahihi, lakini choo kilitoka kwa Kawangware kukubaliana na Kibera. Vijana walisukuma udongo likizo hadi likizo. Matofali yalikauka bila ufa, Fundi akayagonganisha mawili ili tusikie yanavyolia. Mwenye mabati akaacha kupima kwa hatua. Na ukuta wa nje, upande wa kivuli, Fundi aliujengea kibaraza na paa dogo ambalo halikuwako kwenye ramani. Jens aliliona, akageuza uso akatazama bwawa. Hapo ndipo makaa ya Mama Nekesa yaliporudi, na ufunguo wa choo ukawa kiunoni mwake.

Siku ya kufungua ilikuwa likizo ya Agosti iliyofuata. Utepe mwekundu ulifungwa mlangoni, viti vya kukodi vikapangwa, mgeni wa heshima akangojwa saa tatu. Saa nne hajafika. Saa tano kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zote inazozijua ikarudia ile ya kwanza. Laini ilikuwa imejipanga tangu asubuhi, kimya kimya, watu wamevaa nguo za Jumapili wakijifanya wamekuja kwa hotuba. Mama mmoja mjamzito mbele kabisa akaanza kubadilisha miguu.

Mama Nekesa akamwona. Akashika utepe, akauinua juu kama kamba ya nguo.

"Pita chini, dada. Hiki kitambaa ni cha wageni. Tumbo ni lako."

Akapita. Baada yake wa pili. Utepe ukawa unapanda na kushuka, na kwaya ikaanza kuufuata kwa mapigo.

Jens alikuwa amevaa tai siku hiyo. Nyumba tatu za kamati zilikuwa zimempa chai tangu asubuhi, na yeye alikuwa amejifunza kwamba kikombe hakikataliwi. Akaniinamia sikioni. Nikaenda kwa Mama Nekesa.

"Mathe, Injinia anauliza kama anaweza..."

"Mwambie apange laini."

"Mathe, huyu ni Injinia."

"Kwani Injinia ana tumbo la mbao?"

Nikarudi nikamwambia. Akaitazama laini ilivyopinda hadi karibu na bwawa, akaenda nyuma kabisa, akasimama baada ya mtu mwenye jerikeni. Alisogea hatua kwa hatua kama kila mtu. Alipofika mbele Mama Nekesa akamkatia karatasi ya choo, si ndefu kuliko ya wengine, akainua utepe juu zaidi kwa sababu ya urefu wake.

Mlango ulipofungwa tu, magari ya mgeni wa heshima yakatokea juu barabarani. Akashuka, mtu mnene mwenye haraka, akapewa makasi juu ya sinia. Mpiga picha akachuchumaa. Mgeni akatazama kulia na kushoto, akauliza yuko wapi mhandisi wa nchi rafiki wasimame pamoja.

Kila mtu akamwangalia Mama Nekesa. Alikaza utepe kidogo, akapangusa makaa mikononi.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Yuko ndani."